Kipande Nilichomnyima

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa zangu hatutafika popote. Nikiwa darasa la saba, umri wa miaka kumi na mitatu, nilimnyima mwenzangu maneno. Kusema naye nilisema, tena sana. Nilichomnyima ni maneno ya Kiingereza niliyokuwa nimekabidhiwa nimgawie, na nilimnyima nikijua vizuri kilichokuwa kinamngoja asipoyapata.

Hii ilikuwa Voi, miaka ya sabini mwanzoni. Shule yetu haikuwa mbali na stesheni, na treni ikipita mwalimu alinyamaza na chaki mkononi mpaka behewa la mwisho liishe, halafu anaendelea pale pale alipoachia. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa Taveta, upande wa Bomeni, kwenye migomba na mifereji ya maji. Mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za vumbi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuliona neno refu la Kiingereza akaliacha bila kulikata.

"Msiogope neno kwa sababu ya urefu wake," alisema. "Likateni muone limeundwa na nini."

Aliandika ubaoni, tuseme, unhelpful, kisha akapiga mistari miwili. Katikati likabaki help, ambalo hata waliokuwa wakisinzia walilijua. Mbele un, ya kukataa. Nyuma ful, ya kujaa. Siku hizi nasikia wasomi wakisema viambishi awali, viambishi tamati na mzizi wa neno. Sisi tuliviita vipande, na tulielewana. Sikumwamini sana mpaka siku aliyoandika neno ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliona, transportable, akaweka chaki chini, akakunja mikono. Tukalitazama. Trans, kuvuka upande wa pili. Port, kubeba. Able, kuwezekana.

"Kitu kinachoweza kubebwa kikapelekwa mahali pengine," sauti moja ikasema kutoka kwenye dawati langu.

Haikuwa yangu. Ilikuwa ya msichana niliyekaa naye, mgeni aliyekuwa ameingia shuleni mwaka ule. Mwalimu alimtazama kwa furaha ambayo mpaka siku ile nilidhani imetengwa kwa ajili yangu peke yangu.

Huyu msichana alikuwa Mluhya, baba yake mtu wa reli. Kazi ya baba yake ilikuwa kugeuza reli pale stesheni, ili treni ya Mombasa ishike njia yake na ya Taveta ishike yake. Walikaa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mstari mmoja, mlango na dirisha, mlango na dirisha. Alikuwa amenizidi miaka miwili na kimo cha kutosha, na sababu ya kunizidi ni kwamba mtihani wa darasa la saba alikuwa ameufanya tayari huko walikotoka, akaanguka. Sasa alikuwa anarudia.

Wiki ya kwanza tu alinieleza mambo yake. Sijui aliniona na uso wa kutunza siri.

"Baba amesema nikianguka tena ni basi," aliniambia. "Narudi magharibi nikakae na nyanya. Ameshaomba pasi ya treni."

"Pasi? Kwani mtihani umefanywa?"

"Ameomba mapema. Ati ofisi ya reli inachelewa. Iko ndani ya Biblia yake, nimeiona, imeandikwa jina langu."

Kwenda kwa nyanya kulimaanisha nini, tulijua sote wawili. Wasichana waliopelekwa kwa nyanya hawakurudi na vitabu. Nilimhurumia kweli. Huruma ile haikuniuma, maana wakati huo mimi bado ndiye niliyekuwa namba moja.

Shule ilikuwa na kamusi moja, haina jalada, inakaa ndani ya kabati la mwalimu mkuu, na ufunguo unakaa mfukoni mwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo mwalimu wetu alibuni njia yake. Alikata katoni ya sabuni vipande vidogo vidogo, akaandika juu ya kila kimoja sehemu ya neno, akavitia kwenye kofia yake, tukachota. Aliyechota kipande, kikawa chake. Muhula wa tatu ulipofunguliwa akampa kila mwenye kipande karatasi moja aliyoiandika kwa mkono wake, imejaa maneno yenye kipande hicho na maana zake. Karatasi haikuruhusiwa kunakiliwa. Anayetaka maneno yako anakuja kwako, unamfundisha kwa mdomo, naye anakufundisha yake. Mpaka siku ya mtihani kila mtu awe amepita kwa kila mtu.

"Hivi ndivyo tunavyogawana maji kwetu," alitueleza. "Mfereji ni mmoja, mashamba ni mengi. Leo maji ni ya huyu, kesho ni ya yule. Siku yako ikifika, maji ni yako, hakuna wa kuyagusa. Na nyinyi, kipande chako ni siku yako."

Mwalimu hakujua alikuwa anasema na watoto gani. Kule kwao maji yanapita chini ya migomba usiku na mchana. Sisi wa Voi tulikuwa tunapanga mitungi kwenye bomba kabla ya jua kuchomoza, na nimeona kwa macho yangu akina mama wawili wa kanisa moja wakivutana kanga kwa sababu ya nafasi kwenye foleni. Ukituambia maji ya mtu hayaguswi, tunashika kama amri ya Musa. Katika wiki moja darasa zima lilikuwa limekubaliana, bila mwalimu kujua, kwamba kufundisha kipande cha mwingine ni wizi. Ukiulizwa kitu cha re unajibu, "Hiyo si yangu, nenda kwa mwenyewe." Tulikuwa wakali kuliko watu wa Taveta wenyewe.

Mimi nilichota dis. Yeye alichota port. Mwanzoni tulibadilishana kidogo kidogo wakati wa mapumziko, tukitafuna mahindi ya kuchoma. Alinipa import na export na report, akanieleza kwamba hata wale wapagazi wa stesheni walioitwa porter walikuwa ndugu wa neno lile. Nikamwahidi kwamba wiki inayofuata ningeanza kumpa yangu.

Kabla ya wiki hiyo kufika, mtihani wa majaribio ukarudi. Alikuwa amenipita.

Mwalimu alisoma insha yake mbele ya darasa, yote, mpaka nukta ya mwisho, akasema, "Huyu ndiye atakayenitoa kimasomaso." Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Mikono ilipiga, lakini moyoni nilikuwa na kitu ambacho sitakitafutia jina zuri: kijicho. Tangu darasa la kwanza nilikuwa sijawahi kuwa wa pili. Mama yangu alikuwa anawatajia wateja wake sokoni, huku akiwapimia maharagwe, kwamba binti yake hajawahi kuwa wa pili.

Mwenzangu alipokuja kuuliza maneno ya dis nikamwambia sina nafasi. Siku ya pili nikasema kichwa kinauma. Siku ya tatu hakuuliza kwa njia ya kuzunguka.

"Umekataa?"

"Sijakataa. Siku yangu haijafika."

"Itafika lini?"

"Nitakwambia."

Halafu akafungua kitabu chake cha hesabu, akaanza kufanya hesabu. Hakunisemea kwa mwalimu. Angenisemea ningechapwa na mambo yangeisha siku ile ile, na mara nyingi nimetamani angefanya hivyo. Aliwaendea wengine. Wengine waliokuwa wameshapita kwangu na kuyajua maneno yangu yote walimjibu walivyozoea kujibu: hiyo si yetu, nenda kwa mwenyewe. Msichana mmoja wa Mwatate, mwenye kipande cha mis, alimwonea huruma, akaniuliza kama anaweza kumpa mawili matatu.

"Ukimpa, wewe ni mwizi," nikamwambia, "na nitasema."

Hakumpa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi. Sikuhitaji kumpiga mtu wala kumtukana. Nilikaa tu kwenye dawati langu na karatasi mfukoni, na mtu niliyegusana naye kiwiko kwa kiwiko akawa anakauka.

Wiki tatu zilipita hivyo. Kila jioni kengele ikilia alifunga mkoba wake na kuondoka haraka, bila kusubiri mtu, na mimi nikijiambia kwamba ameshakata tamaa. Nilikuwa na furaha? Hapana. Hilo ndilo jambo la ajabu kuhusu roho mbaya, haina hata utamu. Nilikuwa nalala nikiiona ile pasi ndani ya Biblia. Lakini kila nilipotaka kufungua mdomo, niliona aibu ya kuonekana kwamba nilikuwa nimekosa, na aibu ile ikanifunga zaidi.

Siku moja kengele ya jioni ilipolia mwalimu alinituma nimbebee madaftari mpaka ofisini. Njiani nikamwuliza, nikijifanya sina neno, "Mwalimu, kule kwenu, mtu akiwa na siku yake ya maji, halafu akakataa kumwachia wa chini yake, wazee wanamfanya nini?"

Alicheka. "Anakataaje? Maji yanatoka kwake yanakwenda kwa jirani. Akiyazuia yataozesha migomba yake mwenyewe."

"Lakini wewe ulisema maji ya mtu hayaguswi."

"Nilisema hakuna wa kuyachukua. Sikusema hakuna wa kuomba." Alisimama, akanitazama. "Jirani shamba lake likikauka, mtu anakata tu tuta kwa jembe, maji yapite. Nani atasubiri zamu na migomba ya mwenzake inakufa? Kwa nini unauliza?"

"Nilitaka kujua tu, mwalimu."

Nilimwachia madaftari nikatoka mbio. Zilikuwa zimebaki siku nne za masomo kabla ya mtihani. Kwenye landhi mtoto wa jirani aliniambia amemwona akienda upande wa mabehewa. Nilimkuta nyuma ya stesheni, kule kulikowekwa mabehewa matupu, amekaa kwenye kivuli cha behewa moja la mizigo, miguu ameikunja, daftari juu ya magoti. Nilimnyooshea karatasi bila hata salamu.

"Chukua. Unakili. Unakili yote."

Aliipokea. Hakunakili. Aliisoma kuanzia juu mpaka chini, kidole kikishuka pole pole, disagree, dishonest, disobey, disappear, na kila alipopita neno alitikisa kichwa kukubali. Kisha akafungua daftari lake akanionyesha. Kurasa mbili zimejaa. Alikuwa ameokota maneno yenye dis popote alipoyaona. Disinfectant aliitoa kwenye pipa la dawa ya vyoo vya landhi. Discharged aliitoa kwenye kadi ya hospitali ya mama yake. Dismissed ilitoka kwenye barua ya jirani yao aliyefukuzwa kazi. Dispatch ilikuwa juu ya mlango wa ofisi ya mizigo. Maana zake alikuwa amewauliza makarani, gadi wa treni, mama wa zahanati, kila mmoja neno lake.

"Mwalimu ameandika inakataa tu," alisema. Aliniwekea kidole juu ya karatasi. "Lakini si kukataa peke yake. Pia inatenga. Angalia. Dispatch, kitu kinaenda mbali. Dismiss, mtu anaambiwa aende. Distance. Vitu vilikuwa pamoja, sasa haviko pamoja."

Akachukua penseli, akaongeza maneno matano chini ya karatasi yangu kwa mwandiko wake mrefu, akanirudishia.

"Sasa ni nzuri," alisema. "Asante kuleta."

Angenitemea mate ningejua la kufanya. Nilibaki nimesimama pale nikiwa na karatasi yangu iliyosahihishwa. Nikasema, "Nisamehe." Yeye akasema, "Mtihani ni wiki ijayo, twende tukasome." Tulirudi pamoja.

Mtihani ulikuja, ukapita. Kwenye karatasi ya Kiingereza kulikuwa na mambo ya vipande, ndiyo, na kulikuwa na mengine mengi ambayo hakuna katoni ya sabuni ambayo ingeweza kuyatosha. Krismasi ikapita. Matokeo yalipofika shuleni sikuyatafuta yangu kwanza. Ninasema hivi bila kutafuta sifa; nilitafuta yake kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilipitisha kidole kwenye orodha, jina kwa jina. Alikuwa amepita, amepita vizuri, na barua ya kuitwa kwenye sekondari ya bweni ya wasichana ilikuwa inamngoja kwa mwalimu mkuu. Mimi pia nilikuwa nimepita, nyuma yake kidogo. Nilikaa kwenye ngazi ya darasa nikalia, na watu wakadhani nalilia nafasi ya kwanza.

Jumapili iliyofuata mdogo wake alikuja kwetu na ujumbe: baba anakuita chakula.

Nilivaa gauni la kanisani. Baba mtu alikuwa mkubwa, mpole, mikono imepasuka kwa vyuma, na alinikaribisha kwenye kiti, si kwenye mkeka na watoto. Kulikuwa na kuku na ugali. Mama alipakua, akaweka bakuli la nyama mbele ya mume wake, na pale juu ya vipande vyote, mahali pake, paliwekwa firigisi. Kwa Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba. Haigawanywi, haiombwi, na mwanamke haigusi. Hata mimi mtoto wa Kidawida, Mtaita, nilijua hilo, maana kwenye landhi watu walitaniana juu yake kila siku.

Baba akaichukua kwa vidole viwili, akainuka, akaja kuiweka kwenye sahani yangu.

"Baba watoto!" mama akasema.

"Nyamaza, mama. Najua ninachofanya." Akarudi kwenye kiti chake. "Binti yangu ameniambia kila kitu. Mimi nilikuwa nimesema huyu mtoto hana kichwa. Pasi nilikuwa nimeshaweka. Jana nimeirudisha ofisini, karani akanishangaa, hajawahi kuona mtu anarudisha pasi. Kumbe kichwa ilikuwa iko, ilikosa mtu wa kukaa na yeye. Wewe umekaa na yeye. Kila siku, wiki tatu, ukamfundisha. Sasa hii firigisi ni yako, mwanangu. Kula."

Chumba kizima kilinitazama. Nilimtazama mwenzangu upande wa pili wa meza. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Baba," nikaanza, "mimi sikumfu—"

"Kula," akasema mwenzangu, haraka. "Itapoa."

Nikala. Firigisi ni ngumu kwa asili yake, lakini ile nilitafuna mpaka taya zikauma na bado haikutaka kushuka. Baba mtu alinitazama nikitafuna, akitabasamu, na mama naye mwishowe akatabasamu, akaniongezea mchuzi.

Mwenzangu alinisindikiza jioni jua likielekea kuzama nyuma ya milima. Tulipoziacha landhi nyuma yetu nikashindwa kujizuia.

"Kwa nini ulimdanganya baba yako? Ulitaka kunitesa?"

Alishangaa kweli. Nilimwona akishangaa.

"Kukutesa? Hata. Baba hakubali msichana akae kule kwenye mabehewa peke yake. Angejua angenifungia ndani. Na mimi nilikuwa lazima niende, ndiko maneno yalikuwa. Sasa kila saa kumi akiniuliza naenda wapi, ningesema nini? Nilisema naenda kwenu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Alikuwa anasema, haya, nenda, nisalimie huyo rafiki yako."

Tulifika kwenye kona ya kwetu, akaniaga, akageuka kurudi. Sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia mtu, kwamba saa kumi za siku zile zote nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wetu nikitazama barabara ya stesheni, nikingoja aje kunibembeleza.